Ari iliyopotea baada ya sauti kunyamaza: kisa cha tiba ya kundi Mtwara

Mwanaume wa miaka 33, mkazi wa kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini, aliletwa na mama yake kliniki ya afya ya akili mwezi Aprili. Maneno ya mama yalikuwa machache: "Nesi, mwanangu wazimu umemtoka, umembakiza mwili tu." Hasikii sauti tena, hagombani na mtu, sindano yake ya kila mwezi hakosi. Ila anashinda mkekani tangu kunapambazuka hadi jua linazama. Haogi mpaka asukumwe. Mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba yake imemezwa na majani. Akiulizwa anataka nini, hujibu, "Sijui," basi.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa kwa hali zinazojirudia kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti zisizokuwepo na imani zisizo za kweli, na si cha mtu mmoja. Kundini wenzake walimwita Mjomba, nasi tutamwita hivyo.

Tunakileta kwa sababu moja. Wagonjwa kama Mjomba hupewa nasaha kila mahali: nyumbani, msikitini, kliniki, hata na bodaboda anayewaleta. Nasaha hazijawahi kuwainua. Kilichopungua kwao hasa ni uwezo wa kuionja raha kabla haijafika, pamoja na imani kwamba mtu akijaribu jambo hataumbuka. Kundi likiyashughulikia hayo mawili, kwa hatua ndogo na kwa kurudiarudia, mgonjwa husogea. Likigeuka darasa la mawaidha, hukaa kimya, na baada ya wiki chache haonekani.

Hali aliyofika nayo

Mjomba aliugua akiwa na miaka 22, enzi akiendesha bodaboda ya mtu mjini Mtwara. Alianza kusikia watu wakimtukana njiani, kisha akaamini kwamba abiria wanatumwa kumuua. Siku moja alikimbia abiria aliyekuwa amempakia, akaigonga pikipiki kwenye nguzo. Familia ilianzia kwa mganga, akakaa huko karibu miezi mitano, ndipo akafikishwa hospitali. Amelazwa mara mbili. Bangi aliiacha miaka minne iliyopita. Dawa alizokuwa akitumia ni sindano ya flufenazini miligramu 25 kila mwezi, vidonge vya haloperidoli miligramu 5 asubuhi na jioni, na benzeksoli, dawa ya kupunguza ukakamavu unaoletwa na hizo mbili, ambayo wengi huiita Artane, miligramu 5 usiku.

Sauti na hofu ya kuuawa huitwa dalili chanya, maana ni vitu vilivyoongezeka. Dalili hasi ni vilivyopungua: uso hauonyeshi furaha wala huzuni, maneno yanakuwa machache, hamu ya watu inaisha, raha inafifia, na ari ya kuanza jambo inakufa. Si ugunduzi wa juzi. Emil Kraepelin, daktari wa Kijerumani, alieleza kudhoofu huku kwa utashi zaidi ya miaka 100 iliyopita, akakuona kuwa kiini cha ugonjwa wenyewe. Hata hivyo ndizo dalili zinazosahaulika kirahisi kliniki, kwa kuwa mgonjwa aliyelala kimya hamsumbui mtu.

Kaka yake Mjomba alikuwa na maelezo mawili, akiyabadilisha kulingana na siku: ni mvivu, au bado amefungwa na wabaya wake. La uvivu linajibika kwa kuangalia tu. Mvivu hukwepa jembe, lakini kwenye bao utamkuta, kwenye mpira utamkuta, na ngoma ikilia jandoni yumo. Mjomba hakwenda shambani, na kwenye ngoma pia hakwenda. Chakula anachokipenda kikiiva haulizi, mpaka aletewe. Mtu aliyepoteza hamu ya kazi na ya starehe kwa pamoja, huyo anaumwa.

Dawa kwanza, kundi baadaye

Hapa ndipo vikundi vingi huharibikia kabla havijaanza. Si kila kulala mkekani ni dalili hasi ya asili. Kunaweza kusababishwa na dawa yenyewe, sonona, sauti ambazo mgonjwa anazificha, pombe, upungufu wa damu, au kukaa tu miaka bila kazi wala mwenza. Ukimpeleka kundini mtu ambaye mwili wake umegandishwa na dawa, unamdai juhudi asiyo nayo, na akishindwa unamwongezea ushahidi kwamba yeye si kitu.

Muuguzi alimwambia Mjomba atembee kwenye korido, aende na kurudi. Mikono haikubembea, ilining'inia tu ubavuni. Hatua zilikuwa fupi, kola ya shati ilikuwa imelowa mate, na kiwiko chake kilipokunjwa na kunyooshwa kilikwenda kwa kukwamakwama. Hizo ni alama za dawa kuzidi: haloperidoli na flufenazini hufanya kazi inayofanana, na yeye alikuwa akizipata zote. Aliulizwa pia kuhusu usingizi, kujilaumu, na mawazo ya kujiua. Hakuwa nayo. Damu ilipimwa, maana ukanda huu una minyoo ya safura na malaria, na mtu mwenye damu ndogo hulala vilevile. Ilikuwa ya kutosha.

Daktari alipunguza haloperidoli hadi miligramu 5 kwa siku kwa wiki mbili, kisha akaiondoa, sindano ikabaki palepale. Benzeksoli ilihamishiwa asubuhi, ikapunguzwa hadi miligramu 2, na mwisho ikasimamishwa, kwani huweza kudhoofisha kumbukumbu, na kumbukumbu ni kitu ambacho kundi lingeihitaji sana. Kila wiki muuguzi alimpigia mama simu kuuliza mambo matatu: analala saa ngapi, anaongea peke yake, anamshuku mtu? Maamuzi ya namna hii ni ya daktari mwenye mgonjwa mbele yake. Familia ikijipunguzia dawa kwa kuwa "zinamlegeza", mwisho wake mara nyingi ni kurudi wodini.

Baada ya wiki sita mikono ilibembea na mate yakakauka. Mjomba akawa anakaa badala ya kulala. Kazi, kuoga na kutoka nje vilibaki vilevile. Sasa kilichobaki kilikuwa cha kundi.

Kundi lenyewe

Walikuwa watu wanane, wanaume watano na wanawake watatu, wa miaka 24 hadi 58. Idadi hiyo si ya kubahatisha. Wakiwa wanne, wawili wakikosa hakuna kundi. Wakizidi kumi, wakimya wanapotea na wasemaji wawili wanakitawala kikao. Sharti lilikuwa mtu awe ametulia angalau miezi miwili, aweze kukaa nusu saa bila kutoka, na asije amelewa. Mmoja aliyekuwa bado anasikia sauti zinazomwamuru hakuingizwa. Alipangiwa kuonana na muuguzi peke yake hadi atulie.

Wawezeshaji walikuwa wawili, muuguzi wa afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Mmoja huongoza, mwingine hutazama nyuso na kukaa karibu na anayehangaika. Mwezeshaji mmoja peke yake hawezi. Mtu akitoka nje ghafla, atamfuata na kuwaacha saba, au atabaki nao?

Vikao vilikuwa 12, kila Jumatano saa nne asubuhi, dakika 75 pamoja na mapumziko ya dakika 10 katikati. Saa mbili ni mapema mno, wanaokunywa dawa za usiku huja wakisinzia. Kundi lilianza Juni na kumalizika mwishoni mwa Agosti kwa makusudi, kwa sababu kuanzia Oktoba kila mwenye miguu yuko chini ya mkorosho. Siku za sindano ziliangukia Jumatano hiyohiyo, ili nauli moja ifanye kazi mbili. Posho haikutolewa. Waliokosa nauli walilipiwa bodaboda, kahawa na kashata zikawekwa mezani, basi. Posho huwaleta watu vizuri mno, kisha siku ikikatika, hamu yote ya kuja hukatika nayo, na huwezi tena kujua nani alikuja kwa ajili ya nini.

Msingi wa vikao ulitoka sehemu mbili. Wa kwanza ni kazi za Ann Kring, David Gard na wenzao Marekani. Makala yao ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba watu wenye skizofrenia hufurahia jambo wanapokuwa ndani yake karibu sawa na wengine, ila wakiulizwa kabla kama watalifurahia, makisio yao yako chini. Tafiti zilizofuata hazikulingana zote, lakini kwa kazi ya kliniki wazo hili lina faida kubwa, maana linakuonyesha pa kushika. Mpango wa Uswisi uitwao PEPS, wenye vikao 8 vya saa moja, unalenga hapohapo: kuitarajia raha, kuikuza na kuitunza. Wa pili ni wa Paul Grant na Aaron Beck wa Philadelphia, walioeleza imani za kushindwa: "nikikosea kidogo nimeharibu vyote," "kujaribu ni kujichosha bure." Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2012 lilikuwa na wagonjwa 60 waliokuwa hoi kiutendaji, tiba ikaenda miezi 18, na ari ilipanda zaidi kwa waliopata tiba hiyo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ikumbukwe ni miezi 18. Anayeahidi kuimaliza kazi hii kwa vikao 12 anadanganya. Vikao 12 vinafungua mlango.

Kifaa kikuu kilikuwa kete za bao. Watatu kati ya wanane hawakusoma, na hata waliosoma walichoshwa na fomu za kuzungushia namba. Kila mmoja alipewa kete tano na vikombe viwili vidogo. Kabla ya jambo, anatia kwenye kikombe cha kushoto kete za makisio: italeta raha kiasi gani? Sifuri ni hakuna kabisa, tano ni nyingi. Baada ya jambo anatia kwenye kikombe cha kulia kete za matokeo. Kisha vikombe vinamwagwa mezani na watu wanaangalia tofauti. Mikono ikiwa na kitu cha kushika, hata asiye na maneno anashiriki.

Mwendo wa kikao haukubadilika. Salamu na habari kwa dakika chache, kila mtu kwa heshima yake. Bibi wa miaka 58 alipewa shikamoo na wote, na huo tu ulikuwa mwanzo wa kuongea kwa watu waliokaa wiki nzima kimya. Halafu ripoti ya zoezi la wiki kwa kete. Mapumziko. Zoezi moja la pamoja. Mwisho kila mtu huchagua jambo moja la wiki, dogo, lenye saa na mahali. Kwa watu wenye kumbukumbu dhaifu, kurudia umbo lilelile la kikao ni tiba. Mwezeshaji anayechoshwa na kurudia atafute kazi nyingine.

Kikao cha nne

Vikao vitatu vya kwanza Mjomba alisema maneno yasiyozidi kumi kwa kila kimoja. Hakusukumwa.

Kikao cha nne zoezi lilikuwa kahawa. Birika lilikuwa bado jikoni, halionekani. Muuguzi aliuliza: "Tutakunywa kahawa ya tangawizi na kashata ya nazi. Wekeni kete za makisio." Mjomba aliweka moja. Bibi aliweka mbili, kijana wa Newala hakuweka hata moja. Kisha wakaombwa wafumbe macho wanaotaka, na muuguzi akataja vitu kimoja kimoja bila haraka: mvuke, joto la kikombe vidoleni, harufu ya tangawizi, nazi inavyosagika chini ya jino. Kahawa ikaletwa, wakanywa na kutafuna polepole, wakaambiwa sasa waweke kete za matokeo. Mjomba aliweka nne.

Muuguzi akazimwaga zote mezani. "Mjomba, kulia nne, kushoto moja. Hizi tatu zimetoka wapi?"

Kimya. Afisa ustawi alianza kufungua mdomo, muuguzi akamzuia kwa mkono. Kwa mgonjwa wa namna hii jibu huchelewa, na anayejaza kimya hulifukuza. Kanuni ni kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano. Ilipita hiyo na zaidi kidogo.

"Kashata," akasema. "Nilisahau kama naipenda."

Hakuna aliyempigia makofi. Muuguzi alichora kwenye kadi duara moja upande wa kushoto, maduara manne kulia, na kashata katikati, akampa aibandike ukutani penye mkeka wake. Jambo la wiki alilichagua mwenyewe: kwenda genge la jirani kununua kashata mbili, moja yake, moja ya mama. Likafungwa na kichocheo ambacho hakihitaji kukumbukwa: "Nikisikia adhana ya alasiri, navaa kandambili." Jambo la kwanza lilikuwa kandambili, wala si genge. Mtu aliyekwisha vaa kandambili amevuka pagumu. Alikwenda siku tatu kati ya saba, akaleta kete tatu.

Palipokwama

Wiki ya tano kaka aliingilia kati. Alisikia kwamba kundini watu wanapangiwa mambo ya kufanya, akaona wakati umefika: Mjomba apalilie ekari nzima ya mikorosho. Alimwambia mbele ya majirani. Mjomba hakwenda shambani, na Jumatano iliyofuata hakuja kundini. Kwa simu alimwambia muuguzi, "Nikishika kitu naharibu."

Hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi ya mengine yote. Lengo linakuwa la familia au la mwezeshaji, mgonjwa anaitikia "ndiyo" kwa adabu, kisha halitendeki na kila mtu anamwona mkaidi. Lengo likiwa la mwingine, hata likifanikiwa haliachi kitu, kwa kuwa raha ya kulimaliza ni ya aliyeliagiza. Na ekari moja haina mwisho unaoonekana. Kwa mtu anayeanza, jambo linapaswa kuisha ndani ya dakika kumi au kumi na tano.

Alipigiwa simu siku ileile, bila kulaumiwa, akaambiwa kiti chake kipo. Alirudi kikao cha saba. Hakuulizwa anataka nini, maana swali hilo tayari lilishamshinda. Aliulizwa kabla hajaugua siku yake ilikuwaje, tangu asubuhi. Maneno yalitoka kidogokidogo hadi kwenye kuosha pikipiki: alikuwa akiosha ya tajiri wake kila alfajiri, na rimu zake ziling'aa kuliko za kijiwe kizima. Hapo ndipo lengo lilipopatikana. Wiki hiyo alijipangia kuosha rimu ya mbele ya pikipiki ya jirani. Rimu moja, basi.

Imani ya "naharibu" ilipimwa kikao cha nane. Ililetwa mbaazi ya vikombe viwili ikiwa na vijiwe na punje zilizobunguliwa. Mjomba alikisia ataacha mbovu nyingi, mkono mzima. Alichambua kwa dakika kumi na mbili kwenye ungo, na mkaguzi akawa yule bibi ambaye amechambua nafaka maisha yake yote na hapendelei mtu. Alipekua akapata mbovu tano. Akasema, "Mwanangu, hii naipika." Neno hilo kutoka kwa bibi lilikuwa na uzito ambao mwezeshaji hawezi kuwa nao, na ndiyo sababu kazi hii hufanywa kundini badala ya ofisini na mtu mmoja mmoja.

Lakini kundi hilohilo laweza kuumiza. Kikao cha tatu mshiriki mmoja, fundi seremala wa zamani, alimcheka mwenzake: "Mwanaume mzima unalala mpaka saa sita?" Wawezeshaji walisimamisha ripoti papo hapo, wakarudisha kanuni ambayo wote waliikubali siku ya kwanza: hapa hatupimi mtu, tunapima jambo. Mwezeshaji akilipotezea la namna hii mara moja, aliyechekwa hatarudi.

Pongezi nazo zina ufundi wake. "Hongera sana, umejitahidi" haimfikii mtu ambaye hajaamini kama kuna alichofanya. "Umetoka mkekani kabla mama hajakuita, Jumatatu na Alhamisi" inamfikia, kwa kuwa hawezi kuikana.

Tena kuna siku makisio ya chini yalikuwa sahihi. Wiki ya tisa Mjomba alikwenda barazani kutazama bao, akaweka kete sifuri. Watoto walikuwa wamemfuata wakipiga kelele, "Chizi! Chizi!" Hapo mwezeshaji asijaribu kumshawishi kwamba ilikuwa na raha. Kukata tamaa kwingine si ugonjwa, kumetokana na yaliyompata mtu, na kundi lisilokubali hilo linapoteza imani ya washiriki wake. Mpango ulibadilishwa: aende jioni baada ya watoto kuingia madrasa, na aende na fundi seremala, yule yule wa kikao cha tatu, ambaye anaishi kitongoji cha pili. Afisa ustawi alizungumza na mwenyekiti wa kijiji. Ilisaidia kwa sehemu.

Nyumbani

Mama na kaka waliitwa mara tatu, peke yao, Mjomba akiwa amekubali waitwe. Tafiti za George Brown na wenzake Uingereza, na zilizofuata nchi nyingine, zimeonyesha tangu zamani kwamba nyumba yenye lawama nyingi humrudisha mgonjwa hospitali mapema zaidi. Lawama pia huua ari kwa njia ya moja kwa moja. Mtu akishasemwa mara ishirini kwa siku, kulala kunakuwa kimbilio lake.

Mama hakuhubiriwa kuhusu upendo, upendo alikuwa nao tele. Alipewa kazi ya makopo mawili na punje za mahindi. Mjomba akianza jambo bila kuambiwa, iwe kuoga, kuteka maji au kutoka nje, punje moja inaingia kopo la kwanza. Akilifanya baada ya kuambiwa, kopo la pili. Asipolifanya, hakuna punje wala neno. Hesabu hii ilimfanya mama aanze kuyaona yale madogo ambayo macho yake yalikuwa yamezoea kuyapita, na ikawapa wawezeshaji kipimo cha kweli kuliko maswali mengi. Kaka alihitaji zaidi kuambiwa wazi, na daktari, kwamba hili ni ugonjwa. Suala la uchawi halikubishaniwa. Aliambiwa tu kwamba lolote analoliamini, sindano isikatishwe na matusi yasitumike. Alilikubali hilo la kwanza upesi, la pili kwa taabu.

Alipofika

Ari na raha vilipimwa kwa CAINS, mahojiano ya kupima dalili hasi, yenye vipengele 13, na 9 kati yake vinahusu ari na raha, kila kimoja sifuri hadi nne, namba kubwa ikiwa ndiyo mbaya. Kwenye vipengele hivyo tisa Mjomba alikuwa na 26 mwezi Aprili, 22 baada ya dawa kurekebishwa, 15 mwisho wa kundi. Kopo la kwanza lilianza na punje 3 kwa wiki, likamaliza na 17. Vipengele vinne vya uso na maneno havikusogea karibu chochote. Uso wake bado ni mkavu, na mazungumzo bado hayaanzi yeye. Kundi la namna hii halijengwi kwa ajili ya hayo, na familia iambiwe mapema isije ikasubiri tabasamu na kuyadharau yaliyopatikana.

Septemba alikuwa anaosha pikipiki mbili au tatu kwa wiki pale kijiweni, kwa malipo kidogo. Oktoba alisema mwenyewe ataokota korosho chini ya mikorosho mitatu iliyo nyuma ya nyumba, na akaiokota: asubuhi, ndoo moja, anatenga bibo na korosho, anaanika jamvini. Mingine aliachiwa kaka.

Msimu ule ule ndio wa uraka, pombe ya mabibo. Mabibo yakishaanza kudondoka, kila kitongoji kina mtungi, na nipa, pombe kali inayotoneshwa, inafuata. Jambo hilo lilikuwa limezungumzwa kikao cha 11, na mpango ulikuwa kurudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Aliunywa mara mbili. Novemba mama alihamia shamba la mbali kuokota, sindano ikachelewa siku tisa. Aliyegundua ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aliyeona kwamba Mjomba amerudia kulala mchana na anaguna peke yake usiku. Sindano ilichomwa siku iliyofuata kwenye zahanati. Sauti zilitulia ndani ya wiki mbili, ari ilichelewa zaidi, na ndoo ilisimama wima ukumbini karibu mwezi. Alianzishwa upya kutoka kandambili, kwa kadi ileile ya kashata iliyokuwa bado ukutani. Desemba CAINS ilisoma 17.

Sasa kundi hukutana mara moja kwa mwezi, siku ya sindano, kwa saa moja, kete zikiwa mezani. Watu sita kati ya wanane bado wanakuja. Tarehe ya sindano ya Mjomba imeandikwa sehemu tatu: kadi yake, simu ya kaka, na daftari la mhudumu wa afya. Kwa msimu ujao wa korosho wamekubaliana kwamba mama akihamia shamba, kaka ndiye atakayempeleka zahanati, na kikao cha Oktoba kitafanyika mwanzoni mwa mwezi, kabla mitungi ya uraka haijaanza kufunguliwa.